Maji ya Wajir Ndani ya Giaboksi

Tulimzika Eedo Halimo siku ya Alhamisi, na Jumamosi mimi na Komora tukafukuzwa matangani kwa sababu ya kucheka. Haikuwa kufukuzwa kwa kelele. Mtoto wake mkubwa alitujia pale kwenye mkeka, akatuinamia, akasema polepole, "Wazee, mkitaka kuongea, kuna kivuli huko nje." Watu wazima, ndevu nyeupe, tunatolewa kama watoto wa madrasa. Na kosa lilikuwa la Komora, naapa. Alikuwa ametoka shambani kwake na mkungu wa ndizi begani, akauweka mlangoni, akatoa pole, akaketi karibu yangu, akapewa kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia. Akapiga funda moja. Kisha akadondosha tone moja nyuma ya mkono wake, akalilamba, akalifikiria, halafu akaniambia kwa sauti ile ile ya marehemu: "Hii imetiwa maji ya bomba." Basi nikapasuka. Eedo maana yake shangazi kwa lugha yetu, na yeye hakuwa shangazi yangu wala wa Komora, alikuwa eedo wa kila mtu aliyewahi kunywa maziwa yake pale Garissa. Angekuwa hai angecheka kutushinda. Tulitoka nje, tukakaa chini ya mwarobaini, na hapo ndipo tukaanza kuukumbuka mwaka ule. Komora akaniambia, "Wewe ndiye unapenda kusema. Sema yote, uandike, kabla hatujaisha." Kwa hivyo naandika.

Mwaka wenyewe ni ule uliofuata mvua ya El Nino. Mto Tana ulikuwa umefurika ukala mashamba ya ndizi, barabara ya Nairobi ikakatika, chakula kikaletwa na ndege, na hata maji yaliporudi mtoni, kuta za nyumba za upande wa chini zilibaki na alama ya matope, mstari mmoja ulionyooka, kufikia goti. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu na watu waliniita Noor Redio kwa sababu sikuzimika. Nilikuwa fundi wa magari, na hakuna aliyenifundisha. Nilifungua, nikaharibu, nikalia, nikafunga, mpaka siku moja nikafunga na ikawaka. Nilikuwa na kitabu kimoja cha lori kisicho na jalada, cha Kiingereza, nikisoma picha. Hasira zangu zilikuwa karibu sana, hapa kooni. Mtu akisema neno baya juu ya rafiki yangu nilikuwa nimeshamshika shati kabla sijauliza alisema nini. Na rafiki yangu alikuwa mmoja tu, Komora.

Komora ni mtu wa mtoni, Mmunyoyaya, wale wanaolima kingo za Tana tangu zamani. Hakuwa na baba wala mama. Alikuwa amekaa karibu miaka sita katika chumba cha getini nyumbani kwa Haji Gedi, akiangalia mbuzi, shamba dogo la mzee, na kila kitu kilichokuwa ndani ya ua. Chumba chenyewe bado nakiona: kitanda cha kamba, jiko la mkaa, rafu ya mbao ya sanduku la chai, na dirisha dogo linalotazama uani. Mchana nilikuwa naacha magari ya watu nimeyafungua matumbo, nakimbia huko kula. Komora alikuwa anapika wali na nazi akipata, na siku mbaya alikuwa anakaanga kambare kutoka mtoni, na mimi nasimama mlangoni nimeziba pua. "Toa huyo nyoka!" Naye bila kugeuka: "Kaa na njaa, mtu wa ngamia. Siku utakayoonja utahamia mtoni na mkeka wako." Sikuonja. Nilikula wali na ndizi, nikaongea, yeye akasikiliza. Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa mabati upande mmoja, na upande wa pili ndipo Haji alipokuwa anakaa alasiri na jirani yake kunywa chai, kwa hivyo tulisikia kila kitu. Ndivyo tulivyojua habari ya posa kabla hatujaambiwa.

Haji Gedi alikuwa karani wa mifugo huko Wajir miaka mingi, akastaafu, akahamia Garissa kwa sababu ya macho. Macho yake yalikuwa yanakwenda. Alivaa miwani nene kama chini ya chupa, na mwaka wa mvua alikuwa Nairobi akitibiwa, akakwama huko mpaka barabara ilipofunguka. Siku ile nyuma ya mabati tulimsikia akisema, kwa Kiswahili chake cha Wajir, ambacho punda ni bunda, kwa sababu jirani alikuwa Mkamba: "Komora nataka kuoa. Msichana iko, kijiji ya huko chini ya mto. Komora hana baba, mimi ndio nitaenda kuongea. Na siendi na bunda, rafiki. Kijana akibelekewa bosa na bunda, watu nasema hana mtu. Tutaenda na Adey."

Komora alisimama na mwiko mkononi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana mtu.

Adey maana yake Mweupe, na ni jina watu wanalompa ngamia jike. Lakini huyu Adey alikuwa gari, gari ya Kijerumani ya zamani, pua ndefu, rangi ya maziwa, viti vya ngozi vilivyopasuka. Haji aliinunua alipokuwa kijana na akazunguka nayo Wajir yote, Eldas mpaka Buna, kwenye njia ambazo hata lori lilikuwa linafikiria mara mbili. Alipostaafu aliiendesha mara ya mwisho kutoka Wajir, akaiegesha uani, na ikalala hapo miaka sita chini ya turubai. Na kitu kimoja kuhusu Adey: ilikuwa otomatiki. Hakuna klachi. Garissa nzima wakati ule ilikuwa malori na Landrova za gia za mkono, mimi giaboksi ya otomatiki nilikuwa sijawahi hata kuiota. Haji aliponiita na kuniuliza, "Waryaa, unaweza?" nilijibu kabla hajamaliza. "Adeer, hiyo nitaiamsha nikiwa nimefunga macho." Adeer ni baba mdogo, ndivyo tunavyowaita wazee wa heshima, na waryaa ndivyo wanavyotuita sisi vijana. Komora alinitazama. Alijua.

Kuamsha injini haikuwa shida. Nilitoa petroli iliyooza, nikasafisha kabureta na plagi, nikabadilisha oili ya injini, nikapuliza paipu, nikatia betri ya lori. Nilifungua kifuniko cha rejeta, nikaona maji yamejaa mpaka shingoni, nikafurahi, nikafunga. Asubuhi ya tatu ilikohoa, ikatoa moshi na panya wawili, ikawaka. Haji alitoka na fimbo yake akasimama, midomo inacheza. Jirani alikuja, watu watatu wanne wa njiani wakaingia uani kutazama. Komora alikuwa anatoka jikoni na birika. Nikaingia, nikavuta gia. Injini ikaunguruma, gari haikwenda. Nikavuta tena. Ikatikisika kidogo kama ngamia anayekataa kusimama, ikabaki pale pale. Nikashuka, nikafungua boneti, nikavuta kile kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Oili yake huwa nyekundu, nyembamba, unaona kupitia. Hiyo nilikuwa nimeisoma kwenye kopo. Iliyotoka kwenye kijiti ilikuwa nzito, ya rangi ya waridi, povu tupu, kama mtu amechanganya maziwa na sharubati ya tende. Na watu wote walikuwa wananitazama, na mimi Redio, na ukutani nyuma yangu ule mstari wa matope kufikia goti.

"Maji ya mto, Adeer!" nilisema, na nilisema kwa sauti. "Giaboksi imekunywa mafuriko! Hii gari ililala ndani ya maji wakati wa mvua!"

Haji akauliza, pole pole, "Una hakika, Noor?"

"Wallahi!"

Hapo ndipo nilipogeuka nikamwona Komora na birika lake. Na nikakumbuka. Haji aliporudi kutoka Nairobi aliuliza jambo moja kabla hata hajaketi: maji yalifika kwa Adey? Na Komora akaapa kwamba hayakufika, kwamba yeye na madereva wawili wa lori waliokuwa wamekwama walisukuma gari mpaka kwenye mwinuko wa msikiti kabla mto haujapanda, ikakaa huko mpaka uani kulipokauka. Mimi na majirani wote tulikuwa tumehama. Madereva wenyewe waliondoka barabara ilipofunguka, na hakuna aliyejua hata majina yao. Shahidi wa Komora alikuwa neno lake peke yake, na mimi nilikuwa nimelikanyaga mbele ya watu.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo na nimesema maneno mengi mabaya, mengine nimeyasema makusudi. Lakini nikiwa nimekaa tu, nikisikia ubaridi unapita mgongoni, ni kwa sababu ya lile neno moja la wallahi. Haji alimgeukia Komora, akamtafuta kwa ile miwani yake. "Nilikuuliza," alisema. Komora akasema, "Uliniuliza, Haji. Na nilikujibu." Akaweka birika chini kwenye kigoda, akaenda kufungulia mbuzi. Alasiri, nyuma ya mabati, tulisikia tena, na safari hii nilitamani kuziba masikio. "Gari si kitu," Haji alikuwa anamwambia jirani. "Gari ni chuma. Lakini mimi naenda kwa baba ya msichana nasema nini? Nasema huyu kijana ni mkweli? Mimi nimeona mwenyewe? Siwezi kutoa ushahidi ya uongo, nimekuwa mtu mzima, kaburi iko karibu." Posa ilikuwa imepangwa wiki mbili mbele. Aliiahirisha bila kutaja siku nyingine.

Nikataka kwenda kumshika Haji shati. Hakika nilinyanyuka. Komora alinishika suruali kwa nyuma, "Kaa chini, umeshanisaidia vya kutosha." Nikamgeukia yeye. "Na wewe ulikuwa umesimama pale! Kwa nini hukunikata?"

"Wewe hukatiki, Noor. Watu wanasubiri umalize, kama mvua."

Nikafanya ninachojua. Nikalala chini ya gari, nikafungua nati za chini, nikamwaga ile oili yote, pamoja na ile iliyojificha kwenye lile duara kubwa la mbele ambalo nilihangaika siku nzima kupata nati yake. Oili mpya niliitafuta mji mzima, nikaipata kwa dereva mmoja wa ofisi. Nikajaza, nikawasha, gari ikasogea hatua mbili tatu, moyo wangu ukasogea nayo. Niliposimamisha na kuvuta kijiti: waridi. Nikajiambia ni mabaki. Nikamwaga tena, nikajaza tena. Ikawa waridi kushinda mara ya kwanza. Nilirusha spana ikapita juu ya ukuta, na hadi leo mtu fulani wa mtaa ule ana spana yangu ya kumi na saba. Kitu hakikunijia akilini: kama mto uliingia mara moja na ukaondoka, maji haya mapya yanatoka wapi? Nilikuwa na hasira mno, na hasira haihesabu. Badala yake nilifanya baya zaidi. Niliingia chumbani, Komora anachambua mchele, nikamwuliza, taratibu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu taratibu: "Walaal, ndugu yangu, niambie mimi tu. Hayakufika hata kidogo?"

Aliendelea kuchambua mchele. Alitoa jiwe moja, akalitupa dirishani. Siku ile hakunipikia, na kesho yake hakunisemesha. Chumba ambacho nilikijaza maneno mwaka mzima kikawa kimya, nikagundua kwamba kimya cha Komora kilikuwa kikubwa kuliko kelele zangu zote. Lakini sikuondoka. Nilikaa pale pale mlangoni siku tatu. Watu wakipita wakisema jambo juu ya mlinzi wa Haji aliyeapa uongo, niliwafuata mpaka sokoni kugombana nao, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeanzisha habari yenyewe, walinicheka usoni, haki yao.

Sasa Eedo Halimo. Yeye alikuwa anauza maziwa ya ngamia sokoni, na kila asubuhi alipitia kwa Haji kwanza, kwa sababu walikuwa watu wa Wajir wote wawili na hawakuamini kwamba Garissa kuna mtu mwingine anayejua maziwa. Mwanamke mrefu, mkono mmoja una vibuyu, mwingine unaongea. Maziwa yalikuwa yanamfikia kutoka malishoni kwa mikono mingi, na mikono mingine ilikuwa na tabia ya kuongeza maji njiani. Kumdanganya ilikuwa haiwezekani. Alidondosha tone nyuma ya mkono, akalilamba, akatema, akasema si tu kwamba yametiwa maji, bali maji ya wapi. "Haya ni ya bwawa, yana mbuzi ndani." "Haya ni ya mto." Mara moja nilimwona akimrudishia dereva wa pikapu mtungi mzima: "Mwambie yule bwana, ng'ambo ya daraja kuna bomba inavuja, na yeye alisimama hapo." Watu wa mjini waliona uchawi. Yeye alisema, mtu aliyekua akihama kutoka kisima mpaka kisima na mifugo, asipojua ladha ya maji atakufa yeye na ngamia wake, ni hivyo tu.

Nilikuwa nimechota ile oili ya waridi kwenye chupa ya jamu nikaiweka kwenye rafu ya Komora, dirishani, sijui kwa nini, labda ili initazame. Siku ya nne ilikuwa imejitenga. Juu oili chafu, chini kabisa vidole viwili vya maji yaliyochujika. Asubuhi ile Eedo alipita kutoa maziwa, akachungulia dirishani kumsalimia Komora, akaiona chupa.

"Waryaa, nani ameharibu maziwa hivi?" alisema. "Haya mmeyachinja?"

"Si maziwa, Eedo," nikamwambia. "Ni oili ya gari ya Haji. Na yale ya chini ni maji ya mto yaliyomharibia Komora ndoa yake." Nilikuwa na uchungu, nikaanza kumweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kupumua, na yeye katikati ya maneno yangu akanyoosha mkono, akaniziba mdomo. Kiganja kinanuka moshi wa kibuyu. "Nyamaza. Leta."

Komora ndiye aliyeleta. Alichukua mrija wa kalamu, akauzamisha mpaka chini, akaziba juu kwa kidole, akainua, akadondosha matone mawili nyuma ya mkono wa Eedo. Eedo akaupangusa utando wa oili kwa ukingo wa shuka yake. Akalamba. Uso ukakunjika, akatema, akatema tena, akalaani babu wa mtu aliyetengeneza oili. Kisha akaomba tone lingine.

"Mto?" alisema. "Nani amesema mto? Maji ya mto ni tamu, ni ya udongo. Hii iko na chumvi. Hii ni kisima." Akalamba tena meno yake. "Hii ni Wajir."

Nilicheka. Nilisema, "Eedo, Wajir ni safari ya siku nzima kutoka hapa, yatakuwaje—"

"Wewe unajua magari?" aliniuliza.

"Najua."

"Na mimi najua maji. Umesema yako, nikanyamaza."

Fimbo ikagonga mlango. Haji alikuwa amesimama kivulini, anasikia yote, maana mabati yale yalikuwa na pande mbili. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. "Halimo," alisema, "umesema Wajir?" Kisha bila kusubiri jibu akatoka, akipapasa hewa kwa fimbo, mpaka kwenye Adey, akapiga boneti kwa kiganja. "Fungua. Fungua kwa maji."

Nikafungua rejeta. Siku ya kwanza maji yalikuwa mpaka shingoni. Sasa yalikuwa yameshuka, vidole vitatu au zaidi, na juu yake kulikuwa na utando mwembamba mwekundu, unang'aa kama jicho la jogoo. Nikasimama nimeshika kifuniko. Oili ya giaboksi ndani ya maji, maji ndani ya oili. Nikalala chini nikafuata kwa vidole zile paipu mbili nyembamba zinazotoka kwenye giaboksi. Nilikuwa nimeziona kila siku nikadhani ni za breki. Zilikwenda mbele, zikapanda, zikaingia kwenye rejeta upande wa chini. Ndipo nikaelewa, nikiwa chali na mchanga machoni: oili ya otomatiki huenda kupozwa ndani ya rejeta, kwenye mrija wake uliozamishwa ndani ya maji, na ule mrija ulikuwa umeoza. Kila nilipowasha, rejeta ilikuwa inainywesha giaboksi. Ningemwaga oili mpaka leo.

Juu yangu nilimsikia Haji akiomba maji ya rejeta. Komora akamchotea kwa kikombe cha chai. Mzee akatia kidole, akaonja. Macho yake hayakuwa yanaona, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Ni kisima yangu," alisema. "Ni ile ya nyuma ya ofisi."

Akatueleza, amesimama, mkono juu ya gari. Miaka yote ya Wajir hakuwahi kuipa Adey maji ya mto wala ya bwawa, kwa sababu yana matope. Aliipa maji ya kisima, safi, unaona mpaka chini. Watu walimwambia yana chumvi. Naye aliwajibu kwamba ngamia asiyekunywa maji ya chumvi hanenepi, mifupa yake inalegea, anapata ukurutu, na kama chumvi inamfaa ngamia anayetembea siku kumi, vipi isifae gari? Siku ya mwisho kabla ya kuondoka aliijaza kwenye kisima chake, akabeba na mitungi miwili ya akiba, akaiegesha hapa Garissa, akaijaza tena mpaka shingoni, akakataza mtu yeyote asiifungue. "Mnyama akilala, analala amekunywa," alisema. "Nimeinywesha mwenyewe, na mkono hii. Miaka sita imelala na chumvi tumboni." Chumvi ikakaa ikala shaba taratibu, siku baada ya siku, chini ya turubai.

Hakuna aliyecheka. Haji akamtafuta Komora kwa mkono, akamshika bega. Wakati ule jirani alikuwa ameshafika, na wale watu wa njiani pia, maana Garissa hakuna jambo linalofanyika bila watu. Haji alisubiri wakae vizuri. Kwetu, jina la mtu ukilivunja mbele za watu hulijengi chumbani. Akasema kwa sauti ya kuadhini: "Huyu kijana alisema maji hayakufika. Maji hayakufika. Mimi nilimwita mwongo, na maji ilikuwa yangu. Komora, nimekukosea. Niwie radhi." Kisha akaketi kwenye mkeka, akaagiza birika, na yeye mwenyewe, haoni, akamimina chai ya Komora, ikafurika kisahani, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Eedo akanigeukia mimi. "Na wewe uliapa wallahi kwa kitu hukijui. Utafunga siku tatu." Baadaye sheikh aliniambia kwamba haikuwa lazima, lakini hukumu ilikuwa ya Eedo, na haikuwa na rufaa. Nilifunga. Nilimwomba Komora msamaha pia, nikatayarisha maneno mengi, nikaanza, akanisimamisha: "Nimekusamehe tangu siku ya pili. Nilikuwa nafurahia kimya tu."

Rejeta ilikuwa ya kupelekwa Nairobi na muda haukuwepo, kwa sababu Haji alikuwa ameirudisha posa siku ile ile ya zamani. Nikaziondoa zile paipu mbili kwenye rejeta, nikaziba matundu yake, nikatafuta friji bovu, nikang'oa ule wavu wa chuma wa mgongoni, wenye bomba linalozunguka, nikausafisha kwa petroli, nikaufunga mbele ya gari kwenye pua, oili ipite humo ipigwe na upepo. Hakuna kitabu kilichoniambia. Nikamwaga oili mara mbili zaidi, mara ya tatu kijiti kikatoka na oili nyekundu, nyembamba, unaona kupitia. Nilimwita Komora aje aone. Alitazama akasema, "Sasa gari ina mgongo wa friji usoni." Lakini alikuwa anatabasamu hadi masikioni, na mchana ule alikaanga kambare, na mimi, nikiwa nimefunga, nikaapa moyoni tu, kimyakimya, kwamba futari yangu ingekuwa huyo nyoka. Ilikuwa. Sitasema zaidi.

Kwenda posa Komora alinipa sharti moja: ningeendesha, ningeingia, lakini nisifungue mdomo. Ilikuwa siku yangu ya tatu ya kufunga. Tulikwenda polepole kando ya mto, Haji mbele na kanzu iliyopigwa pasi, Komora nyuma, Eedo Halimo kando yake na kibuyu cha maziwa mapajani. Adey ilibadilisha gia yenyewe, laini, kama mtu anayehamisha mzigo bega la pili. Tulipofika baba ya msichana alituketisha, akaleta wali na samaki, nikatikisa kichwa. Akaleta maji, nikatikisa kichwa. Akaniuliza habari za safari, nikamtazama Komora, nikatikisa kichwa.

Kisha akamwuliza Haji, huyu kijana tabia yake vipi. Haji hakutoa sifa nyingi. "Mwezi huu nilimwita mwongo mbele ya watu," alisema. "Siku zile zote, kila asubuhi, aliniletea chai kama kawaida. Na sukari ilikuwa ile ile." Nikiwa na maneno mia kifuani, nilikuwa naona hayo hayatoshi, nikatamani kusimama niongeze. Baba ya msichana akasema, "Bismillahi," na mambo yakaisha hapo.

Mzee yule alikufa akiamini mimi ni bubu. Alimwambia binti yake Mariamu kwamba mume wake ana rafiki mmoja, fundi, maskini hasemi wala hali, amtunze. Mariamu aliujua ukweli wiki ya kwanza ya ndoa, nilipoingia chumbani kwao na kuanza. Lakini Jumamosi ile, tukiwa tumefukuzwa tumekaa chini ya mwarobaini, alitoka kwa wanawake na sinia kichwani, bibi sasa, anatembea kwa kuegemea upande mmoja. Aliweka kikombe kimoja mbele ya Komora, kingine mbele yangu.

"Na hii ni ya Bubu," alisema. "Haina maji. Nimeonja."